Nilipokata Kebo na Simu ya Mezani ya Mama

Nilipohamia kwa mama, huku Mfaranyaki, Songea, nilikuta nyumba bado ina vitu viwili ambavyo karibu mtaa wote ulikuwa umeshaviacha: simu ya mezani na kebo ya televisheni. Simu ilikuwa ya marehemu baba. Alikuwa karani, na enzi zake mwenye simu nyumbani alikuwa mtu wa watu. Majirani walikuja kwetu kupokea habari za misiba na za watoto waliofaulu. Kebo aliivuta yeye vilevile, miaka michache kabla hajafariki, kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa akipitisha waya juu ya mapaa, nguzo hadi nguzo, na kila mwisho wa mwezi akipita nyumba kwa nyumba na kitabu cha risiti.

Baba alipoondoka, bili zikawa zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na sina haja ya kumweleza mtu mshahara wa mwalimu unavyoyeyuka. Jiko la nje lilikuwa linavuja kiasi kwamba masika tulipikia chini ya mwavuli. Siku moja nikakaa nikaona kwamba simu na kebo vilikuwa vinakula kila mwezi karibu gunia zima la mahindi. Wakati huohuo mimi nina simu yangu mkononi, yenye bando la mwezi, na jirani yetu ana antena na king'amuzi cha chaneli za bure: taarifa ya habari anaiona, misa ya Jumapili anaiona, na hamlipi mtu.

Nikamwambia mama tukiwa tunakula.

"Kama unataka kubana matumizi, kata umeme," alisema. "Simu na kebo viache."

"Simu ya nini, mama? Kwani nani anakupigia?"

"Hanipigii mtu."

"Sasa?"

"Ni ya baba yako."

Jibu hilo lilinikaa vibaya. Mama yangu hakuwa mtu wa kumtaja marehemu ili ashinde hoja. Kuanzia jioni ile nikaanza kumwangalia.

Jambo la kwanza nililoliona ni bili yenyewe. Simu ambayo haipigiwi na mtu, na mimi siigusi, bili yake ilikuwa inapanda. Nilipomwuliza mama, alisema, "Wanatuibia hao." Nikaamini wiki moja, nikawashuku watu wa simu. Kisha ikaja wiki ya mitihani ya shule, tukawa tunatoka mapema.

Siku ya pili ya mitihani nilifika nyumbani saa tisa na nusu, badala ya saa kumi na moja kama kawaida yangu. Sebule ilikuwa kimya, televisheni imezimwa. Sauti ya mama ilitoka katika chumba kidogo cha baba, chumba cha makaratasi, ambamo simu ilikuwa imewekwa tangu zamani. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mama ni Mmatengo wa Mbinga aliyeolewa Songea, na mimi Kimatengo nakielewa nusunusu, kama mtu anayesoma barua iliyolowa. Lakini alikuwa akichanganya na Kiswahili, na Kiswahili nilikisikia vizuri sana.

"Ameshasaini," alisema. "Karatasi zote. Binti hajui lolote."

Akanyamaza, akimsikiliza mtu wa upande wa pili.

"Ah, yule yuko kazini, atajulia wapi? Siku akijua, patachimbika."

Kisha Kimatengo kirefu, na ndani yake nikanasa "shamba" mara mbili na "mjomba" mara moja. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha chini ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Nilisimama na mfuko wa karatasi za majibu mkononi hadi alipoweka mkonga. Alipotoka akanikuta.

"Ulikuwa unaongea na nani, mama?"

"Amekosea namba."

"Muda wote huo?"

"Basi mwongeaji huyo," alisema, akapita kwenda jikoni.

Lazima nieleze kuhusu shamba. Baba alituachia ekari tatu kijiji cha Maposeni, na karatasi zake ziliandikwa jina la mama. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alishatamka mara mbili mbele ya watu kwamba shamba la mbali ni mzigo na afadhali liuzwe. Yeye yuko hukohuko Mbinga. Sasa unganisha mwenyewe: karatasi zimesainiwa, binti yuko kazini, shamba, mjomba. Sikulala vizuri. Si kwamba ekari tatu zingenitajirisha. Kilichonichoma ni kile kicheko.

Jumamosi nikachukua bodaboda hadi Maposeni. Nilimkuta mwenyekiti wa kijiji anapukuchua mahindi uani kwake, nikamwamkia, akanipa kigoda. Nikazunguka weee kabla ya kuuliza nilichokifuata: je, kuna watu waliokuja kupima eneo letu, au kuuliza mipaka?

Mzee aliacha kupukuchua.

"Mnauza?"

"Hapana, shikamoo nimeshakupa, nisingekuficha. Nauliza tu."

"Watu hawaulizi tu habari za mipaka, mwalimu. Mama yako anajua kama uko hapa?"

Nikasema anajua. Nadhani uso wangu ulisema vingine, maana aliniaga kwa adabu kubwa mno, na kabla ya misa ya kesho yake habari zilikuwa zimeshafika Mfaranyaki.

"Nasikia ulikwenda Maposeni," mama alisema tukitoka kanisani.

"Nilikwenda kuangalia mahindi."

"Mahindi tumeshavuna na yako stoo."

Tukatembea hadi nyumbani. Yeye aliniona mimi mwizi, mimi nilimwona yeye mwizi, na wote wawili tulikuwa tumetoka kukomunika.

Jumatatu, kipindi nisichokuwa na darasa, nikaenda ofisi ya simu. Laini ilikuwa bado katika jina la baba, lakini tangu msiba malipo yalikuwa yakipitia kwangu, na barua ya usimamizi wa mirathi nilikuwa nayo. Nikaomba orodha ya namba zilizopigwa. Dada wa kaunta alinitolea ukurasa, akautazama kwanza yeye, kisha akanitazama mimi kwa huruma, kama vile ameshaona wake wengi wakiomba karatasi za aina hiyo.

"Ni mtu mmoja tu huyu, dada," alisema.

Kweli. Namba moja, namba ya mkononi, kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, Jumatatu hadi Ijumaa, saa tisa na nusu. Haikuwa namba ya mjomba. Hilo halikunituliza, lilimaanisha tu kwamba kuna mtu wa tatu, labda ndiye mnunuzi. Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye pochi, nikasaini fomu ya kufunga laini. Nilipotoka pale nikapita kwa bwana wa kebo.

"Mama yako ana habari?" aliniuliza.

"Anayelipa ni mimi."

Mchana huohuo fundi wake alipanda juu ya paa, akashuka akiuviringisha waya kwenye kiwiko, mzunguko kwa mzunguko. Mama alimtazama akiwa amesimama barazani. Hakugomba. Aliingia chumba cha baba, nikasikia anainua mkonga, anausikiliza, anauweka. Baada ya muda akauinua tena.

Wiki mbili zilizofuata nilifanya kila nilichoahidi. Nilinunua antena na king'amuzi cha chaneli za bure, fundi akaifunga kwenye mlingoti wa mianzi. Picha ilikuja safi. Mama alikiangalia kile kiboksi kwa mbali.

"Hiki kinapata wapi picha bila waya?"

"Hewani, mama."

"Na chenyewe kinapeleka nini huko hewani?"

"Hakipeleki kitu. Kinapokea tu."

"Ndivyo walivyokwambia," alisema.

Nikamnunulia na kitochi, simu ndogo ya batani, nikampeleka kwa wakala kusajili laini. Hapo palikuwa na kazi. Mashine ilikataa alama za vidole vyake. Jembe na majivu ya miaka mingi vilikuwa vimezifuta. Wakala akamfutia kidole kwa kitambaa, akajaribu cha kushoto, akajaribu gumba.

"Mnachokitafuta kwenye dole gumba langu ni nini?" mama aliuliza. "Si ndiyo haya watu wanauziwa mashamba yao?"

Nilimtazama usoni kuona kama ananichezea. Uso wake haukuwa na kitu. Mashine ikapiga mlio, kidole kikakubaliwa. Tulipofika nyumbani aliizima simu, akaifunga kwenye leso, akaitia ndani ya kopo la majani ya chai. Hakuigusa tena. Alikula kidogo, akazungumza kidogo, na kila siku nilipotoka shule nilimkuta amekaa sebuleni mbele ya televisheni inayoonyesha hotuba za watu, macho yake yakiwa dirishani.

Nilijiambia anaona aibu kwa sababu mpango wake na mnunuzi umevurugika. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka siku moja nilipoingia maabara ya shule, hakuna mtu, nikafunga mlango, nikaitoa ile karatasi na kuipiga ile namba.

Iliita mara moja tu.

"Afadhali umepiga!" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, ya haraka, yenye lafudhi ya Mbinga. "Wiki mbili nimekaa na yule binti mlangoni! Ameingia hajaingia? Ameziona karatasi?"

Nikapunguza sauti, nikajifanya mama kadiri nilivyoweza.

"Karatasi zipi?"

"Zipi tena? Si za shamba alizosaini yule mzee! Si ulisema mjomba amezificha chini ya godoro?"

"Mjomba yupi?"

Nilisikia kuku upande wake.

"Wewe nani?" aliuliza taratibu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa... Napiga kutoka Songea, Mfaranyaki. Mama yangu..."

"Mwalimu."

"Ndiyo."

"Mama yako amekufa?"

Aliuliza hivyohivyo, bila kuzunguka.

"Hapana! Hapana, mama, yuko mzima, yuko nyumbani."

Akaanza kulia. Si kwa sauti. Nilisikia tu pumzi zikikatika. "Nimepiga kila siku," alisema. "Kila siku nampa mjukuu simu anipigie. Sauti inajibu kwamba namba hiyo haipo. Nikasema basi, namba ikishakuwa haipo, na mwenyewe hayupo. Nimeomba kuwekewa nia kwenye misa, mwanangu. Ya marehemu. Leo simu ilipoita nikajua ni yeye, kumbe yu hai."

Niliketi kwenye stuli ya maabara. Ndipo akanieleza. Yeye na mama walisoma pamoja bweni la masista, vitanda vya jirani. Kisha mmoja aliolewa Songea, mwingine akabaki kwao, kijiji cha ndani huko Mbinga. Miaka ya karibuni presha ya macho ilimpofusha. Kwake hakuna televisheni, na hata ingekuwapo, wajukuu hawana subira ya kumweleza bibi nani amevaa nini na nani amemkonyeza nani. Kwenye kebo yetu kulikuwa na tamthilia ya kigeni, yenye maneno ya Kiswahili yanayopita chini, kila siku ya kazi mchana, saa nane. Mama aliitazama, akaenda chumba cha baba, akampigia mwenzake, akamsimulia yote.

"Mama yako hunitazamia," alisema yule bibi. "Mwaka wa nne sasa. Ya kwanza ilikwisha, hii ni ya tatu."

"Kwa hiyo mzee aliyesaini..."

"Mzee wa kwenye picha, mwanangu. Hebu niambie, binti yake ameingia au hajaingia?"

Sikujua. Mimi nilikuwa shuleni siku zote saa hizo.

Jioni nilimkuta mama jikoni. Nikamwambia, "Kuna mtu Mbinga anakutafuta. Alidhani umefariki."

Aligeuka polepole. "Umempigia."

"Ndiyo."

"Namba umeipata wapi?"

Nikamweleza: orodha, ofisi, Maposeni, yote. Nikamwambia nilivyosikia mlangoni na nilivyounganisha. Aliposikia habari za mjomba aliweka mwiko chini.

"Mimi niuze shamba la baba yako? Na yule mlevi?"

"Nilidhani hivyo."

"Kwa hiyo siku zote hizi unakula ugali ninaoupika, unaniambia asante mama, na moyoni unasema huyu mwizi."

Moshi ulikuwa mwingi, na nilishukuru kwa huo moshi.

"Kwa nini hukuniambia tu?" nikamwuliza mwishoni.

"Ungesema nini? Ungesema mama anamwaga pesa kwa kusimulia picha."

Ningesema hivyo hasa, tena kwa maneno hayohayo. Aliingia ndani, akarudi na lile kopo, akakung'uta majani ya chai kwenye leso.

"Inawashwaje?" akasema.

Nilimwekea namba ya mwenzake kwenye kitufe cha mbili, abonyeze tu. Nikamwungia kifurushi cha dakika cha wiki, bei yake haifiki mkate. Siku ya kwanza waliongea mpaka simu ikapata joto. Tatizo likawa tamthilia. Chaneli za bure hazikuwa nayo. Nilisema nitarudisha kebo, kebo peke yake, tutaona pa kubana kwingine.

"Acha," mama alisema. "Tumeshaokoa, tuendelee kuokoa."

Alikubali upesi mno. Mimi nilikuwa nimeapa kutomshuku tena, lakini ukishaizoea shaka, huiachi kwa siku moja.

Mwezi uliofuata tulipiga bati jipya jiko la nje. Na siku moja walimu tulikuwa na kikao kilichoahirishwa, nikarudi mapema. Nikiwa uani nilisikia sauti ya mama, nikaingia sebuleni. Televisheni ilikuwa imezimwa. Nilipoigusa kwa juu ilikuwa baridi. Hakuwa ameitazama siku hiyo. Alikuwa chumba cha baba, miguu juu ya mkeka, kitochi sikioni, anasimulia kwa sauti kubwa kama afanyavyo mtu asiyeamini kwamba kile kidude kinasikia.

"Sasa binti ameingia. Karatasi kaziona! Unafikiri kalia? Wapi! Bahili yule, machozi yenyewe anabana. Ni mwalimu, nilikwambia? Mchana anafundisha watoto wa watu, jioni anahesabu vijiko vya sukari. Juzi kamkatia mzee wake simu."

Nilisikia mwenzake akicheka kupitia kile kitochi, mpaka mlangoni nilipokuwa.

"Eee! Kakata. Mzee haongei na mtu, anakaa dirishani."

Nilirudi nyuma hatua mbili, nikatoka, nikazunguka nyumba, nikaingia upya nikikohoa. Mama aliaga mara moja. Nilikuwa nimeumia, sitaficha. Hakuna anayependa kusikia vijiko vyake vya sukari vikisafiri hadi Mbinga. Lakini kesho yake nilimwomba mwenzangu anishikie kipindi cha mwisho, nikawahi kurudi. Na kesho kutwa pia. Katika tamthilia ya mama, binti alikwenda kijijini kupeleleza, mwenyekiti akamfukuza kwa mbwa. Mbwa hakuwapo. Binti alianguka kwenye bodaboda, akachubuka goti, mzee akamkanda kwa maji ya moto. Hilo nalo halikutokea, na niliposikia anavyolisimulia, lile goti, maji, kitambaa, nilisimama nje ya dirisha la mama yangu na nikatamani lingetokea.

Halafu Jumapili moja simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya Mbinga. Nilitoka hadi kwenye uzio.

"Mwalimu," alisema yule bibi, "nikuulize jambo, na mama yako asijue. Hiyo tamthilia bado ipo?"

"Kwa nini unauliza, mama?"

"Maana siku hizi watu wa humo wanaongea kama mama yako. Zamani walikuwa wanapanda ndege. Sasa wote wanapanda bodaboda."

Nilitazama nyuma. Mama alikuwa barazani, anatutazama mimi na simu yangu.

"Ipo," nikasema.

"Haya," alisema. "Kama ipo, ipo. Usimwambie nimeuliza. Nataka nione yule binti anafikishwa wapi."

Niliporudi barazani, mama alikuwa bado amenikazia macho.

"Nani huyo?"

"Mwalimu mwenzangu."

"Jumapili?"

"Ndiyo, mama. Habari za ratiba."

"Ratiba," alisema. Akanitazama tena kuanzia miguuni hadi usoni, kisha akanyanyuka akaingia ndani, na nikasikia anarudisha mlango wa chumba cha baba.